Mteremko wa Gombe Unalisha Nani?

Boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda Mwamgongo hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika, na abiria hahitaji kuambiwa hifadhi inaanzia wapi. Vilima vya mihogo na vilima vilivyobaki na nyasi tu vinafuatana, kisha msitu unateremka hadi majini. Ukiisha, mashamba yanarudi. Msitu huo ndio Gombe, pori la akiba tangu 1943 na Hifadhi ya Taifa tangu 1968. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika hapo Julai 1960. Sokwe wa Gombe leo wanakaribia mia moja, na nchi kavu yao ni ukanda mwembamba kati ya ziwa na ukingo wa milima.

Nimefanya kazi ya ubwana shamba kwenye vijiji vya mwambao huu, na sijakutana na mkulima anayewachukia sokwe. Anayepanda muhogo kwenye mteremko mkali amepanda huko kwa sababu bondeni hakuna nafasi. Watu wameongezeka, wakimbizi wa Burundi na Kongo wamepokelewa mkoani Kigoma kwa miongo mingi, na kuni zinatakiwa kila jioni. Misimu michache tu na mvua za masika zinaukwangua udongo wa juu. Unaishia ziwani, ukifunika mawe ambako samaki wengi wa pwani hula na kutaga. Kwa hiyo shamba likiharibika, mvuvi naye anapata hasara.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wa TACARE katika vijiji 12. Kilichoufanya ukubalike ni kwamba watu waliulizwa shida zao kwanza, wakataja maji, zahanati, shule na mavuno. Sokwe hawakuwa kwenye orodha hiyo. Vitalu vya miti vikaja pamoja na mabomba ya maji. Baadaye, kwa nguvu ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, vijiji vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao wenyewe. Nenda kwenye msitu wa kijiji usiochomwa moto kwa miaka michache, uinamie kisiki chochote cha miombo. Utakuta machipukizi yamezunguka gamba, mengine yamekupita urefu, na hakuna aliyeyapanda. Mizizi ilikuwa hai muda wote chini ya jembe.

Lakini msitu haupikwi. Ndiyo maana nautetea mchikichi. Unakaa bondeni, unaishi miaka mingi, na udongo haulimwi upya kila msimu. Kina mama wa Kigoma huchemsha chikichi, huzitwanga na kukamua, mawese mekundu yakaelea juu. Kokwa zikipasuliwa hutoa mafuta ya mise. Samaki aina ya migebuka wasiopikwa kwa mawese kwetu ni kama hawajapikwa. Na sokwe wa Gombe wanazila chikichi hizo hizo, ilhali wenzao wa hifadhi ya Mahale hawazigusi ingawa michikichi iko huko.

Tatizo ni michikichi yetu ya zamani: kokwa nene, nyama nyembamba, mafuta kidogo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora, na tangu 2018 Serikali inalisukuma zao hili kwa nguvu. Nalifurahia, kwa sharti moja: lisipande milimani. Indonesia na Malaysia zilifyeka misitu ya orangutan kwa ajili ya mchikichi, nasi tuna vilima vichache mno vya kurudia kosa hilo.

Kuna gharama nyingine ya uhifadhi isiyosemwa sana mikutanoni. Nyani wakishuka kwenye mahindi, mtoto ndiye anayetumwa kulinda, na siku hiyo shuleni haonekani. Familia iliyouachia msitu wa kijiji mteremko wake imetoa chakula chake kwa ajili yetu sote, pamoja na watalii wanaolipa kuwaona sokwe. Inastahili kulipwa kwa kitu kinachoonekana. Miche bora ya michikichi ifike vijiji vya Mtanga na Mwamgongo kabla ya vigingi vya mipaka, na posho ya mtu mzima wa kulinda mashamba iwekwe kwenye bajeti ya uhifadhi, si kwenye daftari la mtoto.