Pesa au Hela?

Kidokezo kinasema “Fedha”, herufi 4. Mjazaji mwenye haraka anaandika PESA kwa wino, anasonga mbele. Robo saa baadaye, kona nzima ya chemshabongo imegoma. Jibu lilikuwa HELA.

Wino ndilo kosa la kwanza. La pili ni kutoyatazama maneno hayo mawili kwa karibu. Yote yana herufi nne, na herufi ya pili na ya nne ni zilezile, E na A. Neno la wima likipita kwenye mraba wa pili au wa nne litayakubali yote mawili bila kinyongo. Mwamuzi yuko kwenye mraba wa kwanza au wa tatu. Wima inayoanzia mraba wa tatu ikiuliza “Mfalme wa porini” (5), ni SIMBA, basi PESA imeshinda. Ikiuliza “Hutandazwa barabarani” (4), ni LAMI, na HELA imepata L yake.

La kuchekesha ni kwamba visawe hivi viliwahi kuwa sarafu mbili tofauti. Chini ya utawala wa Wajerumani, rupia moja ya Afrika Mashariki ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 ukaja mfumo mpya, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na ulimi wa Kiswahili ukaigeuza heller kuwa hela. Mchuuzi wa Bagamoyo wa miaka ile angemshangaa mtu anayemwambia kwamba pesa na hela ni kitu kimoja.

Kwa hiyo maana peke yake haitoshi. Mjazaji mzoefu hukijaribu kisawe ndani ya sentensi: je, jibu linaweza kukaa mahali pa kidokezo bila sentensi kuharibika? “Funga safari” (6) ni SAFIRI, kwa sababu “kesho watafunga safari” na “kesho watasafiri” ni kauli moja. Hapo pia pana mtego. Wengi wakishatambua kwamba jibu ni kitenzi hukimbilia kuweka A kwenye mraba wa mwisho, kwa mazoea ya pika, soma na lima. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havifuati mkumbo huo: safiri, samehe, jibu.

Lakini msaada mkubwa kuliko wote uko kwenye vineno ambavyo watu huviruka. “Vya kunywea chai” (7): hiyo *vya* imeshatoa V na I za mwanzo, na VIKOMBE inajiandika yenyewe. Si kila ngeli ina ukarimu huo. “La kulimia” (5) ni JEMBE, na *la* haikudokeza herufi hata moja. Halafu kuna “Ya kukunia nazi” (5). Jibu ni MBUZI, na ni *ya* inayoonyesha kwamba huyu hali majani. Angekuwa wa zizini, kidokezo kingeanza na *wa*. Mtunzi anayeandika “Kifaa cha nazi” amejinyima utamu wote huo.

Tazama na PAA, miraba mitatu tu. Mlango wa kwanza ni “Juu ya nyumba”. Wa pili, “Swala mdogo”. Wa tatu, “Panda angani”. Wa nne ni “Ondoa magamba”, na hapo aliyekulia pwani, aliyemwona mama yake akipaa samaki uani kwa kisu butu, hucheka huku wa bara akitafuta kamusi.

Mchezo wenyewe, kwa umbo hili la gazetini, ni wa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliyechapisha wa kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Waswahili walikuwa na vitendawili zamani sana kabla yake, ila kazi ni tofauti. “Nyumba yangu haina mlango” huficha yai nyuma ya picha. Kidokezo cha mrabani hueleza yai waziwazi, “Hutagwa na kuku” (3), kisha humwachia mjazaji kazi ya kulilinganisha na majirani zake.

Wakati mwingine jirani mwenyewe yuko ng’ambo ya mpaka. “Gari la abiria” kwa mtunzi wa Nairobi linaweza kuwa MATATU, kwa wa Dar es Salaam ni DALADALA, na hesabu ya miraba, 6 au 8, humaliza ubishi upesi. Kigumu zaidi ni “Kompyuta” (11). Wa Dar es Salaam atakuna kichwa hadi jioni, kwani kompyuta kwake ni kompyuta. Wa Nairobi ameshaandika TARAKILISHI, neno alilolikariri shuleni, ingawa akienda dukani kununua moja na yeye husema kompyuta.