Neva iliyobanwa kiwikoni: Ni upasuaji upi unaofaa?

GANZI inayorudi kila mara katika kidole cha mwisho na upande mmoja wa kidole cha pete si jambo la kupuuzwa. Aghalabu chanzo chake hakimo mkononi bali katika kiwiko, ambako neva ya alna hupita kwenye mfereji mwembamba nyuma ya nundu ya mfupa. Ndiyo neva inayomtetemesha mtu anapojigonga kiwiko.

Kiwiko kikikaa kikiwa kimekunjwa, au kikiegemezwa mezani kwa saa nyingi, neva hiyo huvutika na kubanwa. Mwanzoni, mgonjwa hushauriwa kuepuka mikao hiyo na kulala akiwa amefungwa gango ili mkono usikunjike. Hata hivyo, hali ikizidi, misuli midogo ya mkono hukonda, hasa baina ya kidole gumba na cha shahada, na kushika ufunguo huwa taabu. Misuli iliyokwisha kukonda huenda isirejee hata baada ya upasuaji.

Kuna njia tatu kuu za upasuaji. Ya kwanza ni kukata utando unaofunika mfereji na kuiacha neva mahali pake. Ya pili ni kuihamishia neva mbele ya kiwiko, chini ya ngozi au misuli, ili isivutike mkono unapokunjwa. Ya tatu ni kuondoa sehemu ya ile nundu ya mfupa.

Kwa miaka mingi, madaktari wengi waliipendelea njia ya pili. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 152, ulibainisha kuwa njia mbili za kwanza zilileta nafuu sawa. Tofauti ilikuwa katika madhara: yaliwapata takriban asilimia 31 ya waliohamishwa neva, ikilinganishwa na asilimia 10 ya waliokatwa utando pekee. Kuhamisha neva huhitaji jeraha kubwa zaidi, na huweza kuathiri mishipa midogo ya damu inayoilisha.

Hii haimaanishi kwamba njia hiyo imepitwa na wakati. Bado huteuliwa ikiwa neva huteleza juu ya mfupa kila mkono unapokunjwa, kiwiko kimepinda kutokana na jeraha la zamani, au upasuaji wa kwanza haukufaulu.

Kwa wengine, upasuaji mdogo huwatosha, mradi wamwone daktari kabla ya misuli kukonda.