Mafunzo kwa vitendo ya uhandisi na ufundi stadi Karagwe na Kyerwa

Mafunzo kwa vitendo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa ni kipindi ambacho mwanafunzi wa uhandisi au wa ufundi stadi hutoka darasani na kufanya kazi halisi pamoja na mafundi, wahandisi na wanakijiji. Wanafunzi wengi huyaita "fildi". Katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mafunzo hayo huhusu zaidi uvunaji wa maji ya mvua, nishati ya nyumbani, umeme wa jua, ujenzi na usafi wa mazingira.

Mazingira

Karagwe ina makao makuu yake Kayanga. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, ilipofanywa wilaya ya pekee. Eneo hilo linapakana na Rwanda na Uganda, na mto Kagera unafuata sehemu kubwa ya mpaka. Wakazi wengi ni Wanyambo, wakulima wa migomba, kahawa na maharagwe.

Nchi ni ya vilima na mabonde. Nyumba nyingi ziko juu, chemchemi ziko chini. Kwa sababu hiyo kuteka maji ni kazi ya kupanda na kushuka, na kwa kawaida huwaangukia wanawake na watoto. Mvua hunyesha katika misimu miwili, na kiangazi kikali huwa kuanzia Juni hadi Agosti. Kuni zinapungua, na mashamba yanayolimwa kila mwaka bila mbolea ya kutosha huchoka. Matatizo hayo ndiyo yanayompa mwanafunzi kazi.

Historia

Kujifunza kazi kwa kuifanya si jambo geni huko. Ufalme wa Karagwe, ambao makao yake yalikuwa Bweranyange, ulijulikana kwa kazi za chuma, zikiwemo sanamu za ng'ombe zilizohifadhiwa katika hazina ya wafalme. Ufundi wa namna hiyo haukuandikwa vitabuni: kijana aliupata kwa kukaa na mhunzi, kuvuta mivuo na kutazama.

Katika miaka ya 1990, Karagwe ilipata Kituo cha Mafunzo ya Umeme wa Jua cha KARADEA (KSTF), kilichofundisha mafundi kufunga paneli, betri na taa wakati vijiji vingi havikuwa na umeme wa gridi. Masomo yalihusisha kufunga mitambo halisi.

Baadaye shirika la MAVUNO la Karagwe lilishirikiana na Ingenieure ohne Grenzen, shirika la wahandisi la Ujerumani, katika ujenzi wa matangi ya maji ya mvua na majaribio ya biogesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin nao walichunguza majiko, vyoo na mboji za Karagwe, wakifanya kazi na MAVUNO na shirika la CHEMA.

Utaratibu wa kitaifa

Nchini Tanzania mafunzo ya ufundi stadi hutolewa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwanafunzi wa VETA husoma fani moja, kwa mfano uashi, umeme, bomba au uchomeleaji, na hupanda hatua ya I, II hadi III. Fundi aliyejifunzia mtaani bila cheti anaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake.

Kwa upande wa uhandisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha fani hiyo mwaka 1973, na mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo ya shahada. Mwanafunzi hujaza daftari la kazi kila siku, husainiwa na msimamizi wa mahali pa kazi, hutembelewa na mwalimu wake, kisha huandika ripoti. Baada ya kuhitimu, anaweza kuingia katika programu ya SEAP ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanza mwaka 2003, ambayo huchukua miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu.

Wilayani, nafasi za fildi hutafutwa katika ofisi za halmashauri, RUWASA (maji vijijini), TARURA (barabara), TANESCO, karakana za watu binafsi na mashirika ya maendeleo. Mwanafunzi kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha ukaazi kinachofaa.

Kazi zinazofanyika

Maji ya mvua. Tangi ni mfano mzuri wa jinsi hesabu ya darasani inavyokutana na maisha ya watu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la bati la mita 50 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 50,000. Ikitolewa asilimia 20 inayopotea, hubaki lita 40,000. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 10,800 kwa siku 90 za kiangazi. Kwa hiyo tangi la lita 11,000 hivi linatosha, likiwa limejaa kiangazi kinapoanza.

Baada ya hesabu hufuata kazi ya mikono: kusawazisha msingi, kusuka nondo, kupima mchanga na saruji, kupiga plasta na kuiweka na unyevu siku kadhaa isipasuke. Maji ya kwanza ya mvua humwagwa kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, na wavu huzuia mbu. Mhandisi mwanafunzi anayejua fomula hujifunza kutoka kwa mwashi namna ya kutambua mchanga wenye udongo mwingi kwa kuufikicha mkononi. Mwashi naye huona kwa nini ukuta wa tangi huhitaji nguvu zaidi upande wa chini, ambako msukumo wa maji ni mkubwa.

Nishati. Biogesi kwa kawaida hutegemea kinyesi cha ng'ombe, lakini kaya nyingi hazina ng'ombe wa kutosha. Ndiyo maana majaribio ya Karagwe yalihusisha pia vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Tope linalobaki ni mbolea. Majiko banifu ya kugeuza kuni au maganda ya kahawa kuwa gesi huacha mkaa unaoweza kuchanganywa na mboji.

Usafi na udongo. Vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi huwezesha virutubisho kurudi shambani, mradi kinyesi kipashwe moto au kioze vya kutosha ili vijidudu vife. Hapa kosa la fundi ni hatari kwa afya ya familia, kwa hiyo mwanafunzi hafanyi kazi bila msimamizi.

Manufaa na changamoto

Mwanafunzi hupata ujuzi ambao mtihani haupimi: kununua vifaa kwa bajeti ndogo, kuzungumza katika mkutano wa kijiji, na kukubali kusahihishwa na fundi asiye na shahada. Lugha ni sehemu ya somo, maana baadhi ya wazee hueleza mambo yao vizuri zaidi kwa Kinyambo kuliko kwa Kiswahili.

Changamoto kubwa ni muda. Fildi huisha baada ya wiki chache, lakini tangi au mtambo hubaki kwa miaka. Koki ikiharibika na hakuna fundi wa karibu wala akiba ya kununua nyingine, familia hurudi bondeni na ndoo. Kwa hiyo miradi inayodumu huwa na mambo matatu: vifaa vinavyopatikana madukani wilayani, kamati ya watumiaji yenye mfuko wa matengenezo, na fundi wa kijijini aliyeshiriki ujenzi tangu msingi.

Changamoto nyingine ni gharama za nauli, malazi na vifaa vya kinga kama buti, glavu na kofia ngumu. Pia kuna wanafunzi wanaoishia kufagia karakana au kutumwa chai bila kushika kazi. Daftari la kila siku, likisomwa kweli na mwalimu, huonyesha mapema hali hiyo ili mwanafunzi ahamishiwe kazi inayomfundisha.

Tazama pia

Wilaya ya Karagwe
Wilaya ya Kyerwa
Mkoa wa Kagera
VETA
Biogesi