Kalamu ya Wakili na Ardhi ya Wameru

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi ipate kugawiwa masetla wa Kizungu. Wananchi hao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na umoja, michango yao, na wakili mmoja wa Moshi, Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda.

Seaton aliijua sheria ya wakoloni, na kwa hiyo aliujua udhaifu wao. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini, na mdhamini hana budi kutoa hesabu. Hapo ndipo alipopenya. Mwaka 1952 yeye na Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, waliishitaki Uingereza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York.

Ardhi haikurudi mwaka huo. Hoja ya kuwarudishia ilipofika Baraza Kuu ilikosa theluthi mbili ya kura. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile, akidai si haki ya kabila moja bali ya nchi nzima.

Seaton, aliyekuja kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, hakuiacha habari hiyo ife. Mwaka 1967 yeye na Japhet waliitolea kitabu mjini Nairobi.

Kwetu Dodoma jambo hili si la mbali. Tangu mwaka 1973, mji wetu ulipoteuliwa kuwa makao makuu, viwanja na mashamba yamezaa malalamiko mengi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017 kwa sababu hiyo. Hatuilinganishi serikali ya wananchi na ile ya wakoloni. Leo sheria ni yetu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hata hivyo, wazee wengi wangali wakitegemea mbuyu kuwa mpaka wa shamba. Mbuyu hauitwi mahakamani kutoa ushahidi.

Tunasema, vijiji viandike mihtasari yake, mashamba yapimwe, na mawakili wetu wawafuate wakulima huko huko waliko. Mali bila daftari hupotea bila habari.