Umepandikizwa figo? Homa na mkojo kupungua visingoje kliniki

Mgonjwa aliyepandikizwa figo akirudi nyumbani, ndugu na majirani huja kushukuru kwamba yamekwisha. Kwa daktari aliyemfanyia upasuaji bado hayajaisha. Wiki hizi ndizo za kuangaliwa sana.

Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani. Huwekwa chini ya tumbo, karibu na kinena, na kuunganishwa sehemu tatu: mshipa unaoleta damu, mshipa unaoitoa, na mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Matatizo mengi ya upasuaji huanzia kwenye maungio hayo.

Siku za mwanzo hofu kubwa ni kuvuja damu, au damu kuganda ndani ya mshipa. Ikiganda, mkojo hukatika ghafla na figo inaweza kufa kwa muda mfupi. Wiki zinazofuata mkojo unaweza kuvuja pale mrija ulipounganishwa na kibofu. Utaona mshono unatoa maji huku mkojo wa chooni ukipungua. Baadaye majimaji yanaweza kujikusanya kando ya figo na kuibana, mguu wa upande huo ukavimba. Mrija wa mkojo nao unaweza kusinyaa, kreatinini ikapanda bila maumivu yoyote.

Aliyepandikizwa kongosho pamoja na figo kwa sababu ya kisukari aongeze jambo moja: sukari ikipanda ghafla au tumbo likiuma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mengi kati ya haya hutibika yakiwahiwa. Altrasaundi huyaonyesha, na majimaji mara nyingi hutolewa kwa mrija mwembamba kupitia kwenye ngozi. Wengine hurudishwa chumba cha upasuaji.

Tatizo ni kuchelewa. Dawa za kushusha kinga, hasa steroidi, hupunguza homa na maumivu, hivyo usaha unaweza kuwa tumboni na wewe ukahisi uchovu tu. Joto likifika nyuzi 38, usinunue dawa ya malaria ukasubiri. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, zinaumiza figo. Na usiache dawa zako hata dozi moja bila kuelekezwa.

Mzazi, mtoto mdogo hawezi kukueleza. Mpime uzito kila asubuhi, andika anachokunywa na mkojo anaotoa. Uzito ukipanda haraka, mkojo ukipungua au akikataa kula, mpeleke.

Wengi huwekewa mrija mdogo wa plastiki wa kulinda kiungio cha mkojo, ambao hutolewa baada ya wiki chache. Uliza tarehe ya kuutoa na uiandike. Ukisahaulika huleta maambukizi na mawe.

Tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata, si lazima tena kila mgonjwa apelekwe India. Lakini anayeishi Kigoma au Mtwara bado yuko mbali na aliyemshona. Kabla hujaruhusiwa, omba namba ya simu ya kitengo na nakala ya maelezo ya upasuaji wako. Ukiugua, mwonyeshe daktari wa hospitali ya karibu, na umwombe awapigie waliokupandikiza kabla hajakuandikia dawa.