Ukurutu kwa Watu Wazima na Kazi ya Korosho

Wengi wetu tumezoea kuuona ukurutu, ambao baadhi huuita pumu ya ngozi, kuwa ni maradhi ya utotoni. Ni kweli kwamba huwapata watoto zaidi. Hata hivyo, makadirio ya kitaalamu duniani hufikisha hadi mtu mzima 1 kati ya 10. Wapo walioishi nao tangu utoto, na wapo wanaoupata ukubwani kutokana na vitu wanavyovishika kazini.

Hapa Nachingwea na Ruangwa, kazi hiyo ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi ya mbanguaji, na moshi wa kuchomea korosho huyabeba hadi usoni. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana utomvu wa embe nao huwawasha baadhi ya watu midomo. Kwa wengine, mwili huyakataa kabisa mafuta hayo: kila yanapowagusa, vipele na malengelenge hurejea. Salfa inayopulizwa mikoroshoni nayo huchoma ngozi, hasa palipo na jasho: shingoni, kwapani na kiunoni.

Katika ngozi nyeusi ukurutu hauwi mwekundu kama picha nyingi zinavyoonesha. Huonekana kama weusi uliokoza au ukijivu, ngozi ikikauka, ikikakamaa na kupasuka. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu au husuda ya jirani. Muwasho unaozidi usiku na kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja, aghalabu ni upele, nao una dawa yake tofauti.

Mbanguaji avae glavu. Akizikosa, ajipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi, kama wabanguaji wengi wafanyavyo. Mpulizaji avae mikono mirefu, aoge mara amalizapo, na nguo zake zifuliwe peke yake. Baada ya kuoga, mafuta ya mgando yapakwe ngozi ingali na unyevu.

Tahadhari kubwa ni kuhusu krimu za dukani zenye steroidi. Hutuliza haraka, na hapo ndipo mtu hunaswa: zikipakwa kwa muda mrefu bila ushauri hulainisha ngozi hadi ikachubuka, na zikipakwa juu ya fangasi huuficha ugonjwa huku ukienea. Mwenye muwasho usiokoma kwa majuma mawili, au vidonda vinavyotoa usaha, afike zahanati ya kijiji chake na amweleze mganga kazi anayoifanya.