Bwawa Likigeuka Kijani, Tafuta Mbolea Inakoingilia

Mvua za Novemba zikianza Urambo, mkoani Tabora, maji yanayoteremka kutoka mashambani kwenda mbugani hayaendi mikono mitupu. Yanazoa vumbi la kiangazi kizima, samadi iliyoachwa na ng'ombe njiani, majivu ya mabani ya kukaushia tumbaku, na mbolea ambayo mkulima kaiweka kwenye matuta juzi tu. Udongo wa huku ni wa kichanga, haukishiki kirutubisho kwa muda mrefu. Chini mbugani, kando ya majaruba ya mpunga, ndiko yalikochimbwa mabwawa ya samaki na malambo ya kunyweshea mifugo. Jua likipata nafasi ya kuwaka kati ya mvua moja na nyingine, haipiti muda mwenye bwawa anakuta maji yamekolea kijani, na swali la kwanza linalomtoka ni hili: niweke dawa gani?

Ni swali la haki, lakini linaanzia mwisho. Kijani hicho ni mwani mdogo, vimea visivyo na mizizi, ambavyo kimoja kimoja jicho halikioni. Vinahitaji mwanga, joto na chakula. Mwanga na joto havijawahi kuadimika Tabora, kwa hiyo kinachoamua ni chakula, na katika maji baridi chakula ambacho mara nyingi hupungua kabla ya vingine ni fosforasi. Jambo hili lilithibitishwa kwa jaribio mashuhuri nchini Kanada. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo lililopewa namba 226 kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyohivyo na kuongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ukageuka kijani kibichi. Wa pili ukabaki kama ulivyokuwa. Picha ya ziwa lile, iliyopigwa kutoka angani, ilisaidia kuzishawishi serikali zipunguze fosforasi kwenye sabuni za kufulia.

Sasa tuitazame mbolea ya tumbaku. Urambo imezoeana na mashamba makubwa tangu Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, hapa, Kongwa na Nachingwea. Mpango ulianguka na kufutwa mwaka 1951, na ardhi iliyokuwa imefyekwa Urambo ikaingia kwenye tumbaku. Mbolea ya kupandia inayojulikana sana kwa wakulima wa tumbaku ni NPK 10:18:24. Namba ya katikati ndiyo ya fosforasi, lakini huandikwa kwa kipimo cha fosfeti. Ukipiga hesabu, mfuko wa kilo 50 una karibu kilo nne za fosforasi yenyewe. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba kilo moja ya fosforasi inaweza kuotesha hadi kilo 500 za mwani mbichi. Kwa hiyo mfuko mmoja, kama wote ungesombwa na mvua hadi bwawani, una uwezo wa kuzalisha mwani wa karibu tani mbili. Mfuko wote hausombwi, ni kweli. Lakini mashamba ni mengi, na mbuga ni moja.

Tatizo hili linawasumbua hata watu wasiojua jembe. Wako wanaofuga samaki wa matumbawe majumbani, ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, na adui yao mkubwa ni mwani unaofunika mawe na kuyasonga matumbawe. Wazoefu wao wamefikia hitimisho ambalo mfugaji wa Urambo angelielewa mara moja: mwani unatokana na chakula cha ziada wanachowamwagia samaki. Chakula kisicholiwa kinaoza, kinyesi kinaoza, na fosforasi inabaki tangini. Unaweza kuusugua mwani leo, utaota tena wiki ijayo. Ndiyo maana wengine huotesha makusudi mwani mkubwa kwenye chombo cha pembeni kinachopitisha maji ya tangi, kisha huuvuna na kuutupa. Kila konzi wanayoitoa inaondoka na fosforasi yake. Kilichoingia majini hakitoweki. Ama unakizuia kisiingie, ama unakitoa.

Bwawa la samaki lina tofauti moja na tangi la kioo. Hapa kijani kidogo kinatakiwa. Sato hula mwani, na mfugaji anayerutubisha bwawa kwa samadi anafanya hivyo ili chakula hicho cha asili kiote. Kinachotafutwa ni kiasi, na kipimo chake ni mkono wako. Inama ukingoni asubuhi jua likishatoka vizuri, nyoosha mkono ndani ya maji kiganja kikitazama juu, uuteremshe taratibu hadi maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapokaribia kiwiko, bwawa lina mwani wa kutosha. Kikipotea mapema, maji hayajapita sana kifundo, mwani umezidi, na samadi isimame. Ukihesabu vidole vyako vyote bila shida na kiwiko kimezama, bwawa lina njaa.

Mwani uliozidi hudhuru usiku. Mchana hutoa oksijeni, giza likiingia huivuta pamoja na samaki, na kiwango cha chini kabisa hufika alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukiwakuta samaki wamejaa juu ya maji wakipanua midomo saa kumi na mbili asubuhi, hawasubiri pumba. Wanatafuta hewa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia mrututu, ile dawa ya shaba. Ni kweli mrututu unaua mwani. Lakini mwani uliokufa wote kwa mkupuo huzama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza oksijeni iliyobaki, hata samaki walionusurika na dawa wakafa kwa kukosa hewa. Shaba ya mrututu hujikusanya kwenye tope. Na fosforasi iliyokuwa ndani ya mwani inarudi majini, tayari kuotesha mwani mpya. Kwa maoni yangu, hakuna fedha inayopotea bure bwawani kama hiyo.

Kuna kijani kingine ambacho hakina mzaha, na hiki kinahusu zaidi malambo. Ni bakteria wa kijani-buluu, ambao wataalamu huwaita sayanobakteria. Baadhi yao hutengeneza sumu ya ini au ya mishipa ya fahamu. Mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikufa Botswana, katika eneo la Okavango, na serikali ya nchi hiyo ikasema chanzo ni sumu ya bakteria hawa kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya maji yenye sumu hiyo kutumika kusafishia damu yao.

Dalili yake ni utando unaoelea na kusukumwa na upepo upande mmoja wa lambo, mithili ya rangi ya mafuta iliyomwagika. Upo uchunguzi rahisi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, chota maji kwenye chupa angavu, usiijaze, kisha iache imetulia usiku kucha. Kijani kikituama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Kikipanda na kufanya pete juu, shuku bakteria. Uchunguzi huu hauthibitishi sumu, lakini unatosha kuwaondoa watoto na mifugo mahali hapo na kumwita afisa mifugo au afisa afya wa kata.

Maji ya namna hiyo yasichemshwe kwa matumaini. Moto unawaua bakteria, lakini sumu haiharibiki kwa kuchemka, na seli zikipasuka huimwaga zaidi. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini kwa bomba, lakini kuna kaya vijijini zinazochota maji kwenye lambo lilelile wanakonywa ng'ombe, na hao ndio ninaowafikiria ninapoandika haya.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuziba njia. Mfereji wa kukinga ukichimbwa upande wa juu wa bwawa utayapitisha maji ya mashambani pembeni. Ukanda wa nyasi usiolimwa hunasa tope lenye mbolea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye lambo, bwawa au ukingo wa mto. Lambo lizungushiwe uzio, maji yapelekwe kwa bomba kwenye birika chini ya tuta, ng'ombe wanywe huko na kinyesi chao kibaki huko. Kwa mfugaji wa samaki, pumba na mashudu viwe vile vinavyoisha ndani ya robo saa. Kinacholala chini hadi jioni ni mbolea.

Kilichokwisha kuingia nacho kitolewe. Sato anakula mwani lakini hunya sehemu kubwa ya fosforasi humohumo, kwa hiyo faida inapatikana akivuliwa. Maji ya kijani ya bwawa, yale yasiyo na utando wa kuelea, yanafaa sana kumwagilia mchicha na nyanya kipindi cha kiangazi, na pengo lake hujazwa maji safi ya kisima. Bwawa likikaushwa baada ya mavuno, tope jeusi la chini lisirudishwe kingoni, maana mvua italirejesha. Libebwe hadi bustanini. Sakafu ya bwawa iachwe ipasuke kwa jua, inyunyiziwe chokaa ya kilimo, kisha maji yaingizwe upya yakipita kwenye chujio la wavu.